Nani Hubeba Hasara? Kamari katika Historia ya Nchi Yetu na ya Uwanda wa Kati

Jumapili moja ya mwezi wa Novemba, baada ya ibada ya pili, tuliketi na vijana wa usharika wetu chini ya mwarobaini ulio nyuma ya kanisa. Somo lilikuwa amri ya saba. Kutoka wizi wa kuku na wizi wa mizani tukafika kwenye kubeti, kwa kuwa tulijua kwamba wengi waliokuwa mbele yetu walikuwa na mikeka ya mechi za jioni ile ile katika simu zao. Tukasema yale tuliyofundishwa chuoni: kwamba kamari ni kutafuta mali bila jasho, kwamba inaabudu bahati badala ya Mungu, kwamba inavunja nyumba. Wakasikiliza kwa adabu.

Kisha kijana mmoja, dereva wa bodaboda, akanyosha mkono. "Baba Mchungaji, hata baba yangu anabeti. Kila Desemba anaweka mkeka wake shambani, na mvua inauchana. Mwaka huu nimemwambia bora angenipa mimi ile hela ya mbegu."

Wenzake walicheka, nasi tukacheka. Lakini hatukuwa na jibu. Tulisema jambo juu ya bidii ya kazi, tukafunga kwa sala, na njiani kwenda nyumbani tukaona kwamba jibu letu lilikuwa dhaifu. Baba yake kijana yule ana bidii kutuzidi sote. Hapa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na katika mwaka mzuri mvua yote haizidi sana milimita 600. Ikikata Januari kwa wiki tatu, mahindi yamekwisha, na bidii ya mtu haiyarudishi. Kama kosa la kamari ni kutegemea kisichotabirika, basi wakulima wote wa uwanda huu ni wacheza kamari, na sisi tunaoombea mbegu zao kanisani ni washirika wao.

Insha hii ni jibu lililochelewa. Ili kulipata ilitubidi kurudi nyuma na kuangalia jinsi nchi yetu ilivyoitazama kamari, jinsi sheria zilivyobadilika, na mambo gani yaliyotokea katika ardhi hii hii ya Ugogo yanayofanana na kubeti au yanayopingana nako.

Tuanze na Biblia, lakini kwa ufupi, kwa sababu Biblia haitupi amri moja iliyonyooka inayosema usicheze kamari. Kura zimo humo nyingi. Yoshua aligawa nchi kwa kura, mabaharia walimpata Yona kwa kura, na mitume walimpata Mathiya kwa kura. Mithali 16:33 inafundisha kwamba hata kura ikitupwa, uamuzi ni wa Bwana. Katika visa hivyo watu walikuwa na jambo la haki la kuamua, na hakuna aliyeweka dau. Kisa kinachokaribia kamari ni kile cha askari chini ya msalaba, waliopigia kura vazi la mtu aliyekuwa akifa mbele ya macho yao. Tukitaka kujua kamari ina ubaya gani, tuwatazame wale askari: mali waliyoigombania ilikuwa ya nani, na mwenyewe alikuwa katika hali gani? Ndugu zetu Waislamu, ambao ni majirani zetu katika kila mtaa wa mji huu, wao wana katazo la wazi katika Kurani, na neno lenyewe kamari limetujia kutoka Kiarabu. Sisi Wakristo imetubidi kufikiri zaidi, na mara nyingine tumefikiri kidogo kuliko ilivyotupasa.

Sasa sheria. Mwaka 1930 serikali ya Mwingereza iliiletea Tanganyika Kanuni ya Adhabu, ambayo mpaka leo tunayo kama Sura ya 16 ya sheria zetu. Humo, kuendesha nyumba ya kamari ni kosa, na mtu anayecheza mchezo wa bahati kwa fedha mahali pa wazi anawekwa katika kundi la wazembe na wasio na utaratibu, pamoja na ombaomba. Wazee wanaokumbuka polisi wakiwakimbiza wacheza karata nyuma ya soko wanaikumbuka sheria hiyo, hata kama hawajui namba yake. Leo haimgusi anayecheza mchezo wenye leseni. Kisha ikaja Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo ilifuata sheria ya India ya mwaka 1872, nayo ikasema kwamba mapatano ya kuwekeana dau ni batili. Maana yake, ukimdai mwenzako fedha za dau mliowekeana, mahakama haitakusikiliza. Mkoloni hakuwa mtakatifu katika jambo hili. Kwao Uingereza bahati nasibu za serikali zilichezwa hadi mwaka 1826, na Jumba la Makumbusho la Uingereza (British Museum) lenyewe, huko London, lilianzishwa kwa fedha za bahati nasibu ya mwaka 1753. Hata vyuo vikuu vya Marekani kama Harvard vilijenga kwa fedha za namna hiyo. Lakini huku kwetu alitaka vijana wafanye kazi, na kamari ilihesabiwa kuwa adui wa kazi.

Hapa historia inapinda kwa namna ambayo hatukuitegemea. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, mwaka ambao taifa lilitangaza kwamba msingi wa maendeleo ni watu na kazi yao wala si fedha, Bunge letu lilitunga sheria ya kusimamia bahati nasibu na ubashiri wa mechi. Na mwaka 1974, wakati vijiji vya ujamaa vinaundwa nchi nzima, mwaka mmoja baada ya TANU kuamua kwamba makao makuu yahamie Dodoma, ikatungwa sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Serikali iliyohubiri kazi iliuza tiketi. Hatusemi hivyo kwa kubeza. Hoja ya wakati ule ilieleweka: fedha zinazopatikana zilibaki kwa umma, na tiketi ilikuwa karatasi ambayo mtu alinunua siku moja, akaiweka chini ya mto, akangoja. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na aliyeufungua ni yule yule aliyekuwa akiulinda.

Milango ya biashara huria ilipofunguliwa baadaye, kasino zikaja mijini. Sheria za mwaka 1967 na 1974 zikafutwa, na kuanzia tarehe 1 Julai 2003 ikaanza kutumika Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Jina hilo tulitafakari. Kamari imekuwa mchezo, na mcheza kamari amekuwa mchezaji. Sheria hiyo ina mema ndani yake: inakataza mtoto aliye chini ya miaka 18 asicheze, inataka kila mwendeshaji awe na leseni, na inamlinda mshindi asidhulumiwe haki yake. Waliitunga watu waliojua kwamba kilichokatazwa kabisa huchezwa gizani, na gizani hakuna wa kumlinda mnyonge. Hoja hiyo ni nzito, na mhubiri anayeiruka hasemi kweli yote.

Ila waliotunga sheria mwaka 2003 hawakuwa na simu ya leo mikononi. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Kabla yake, aliyetaka kucheza ilimbidi atoke nyumbani, aende mahali, aonekane na watu. Jirani alimwona, mama mkwe alimwona, mzee wa kanisa alimwona. Macho ya watu yalikuwa uzio. Pesa zilipoingia kwenye simu na duka la ubashiri likazifuata humo humo, uzio ukaanguka. Sasa mtu anaweza kupoteza mshahara wake akiwa amelala kando ya mkewe, na asubuhi wote wawili wakaamka, mmoja akijua na mwingine hajui. Na hatusubiri tena dakika 90 za mpira. Kuna mchezo wa kindege kinachopaa katika kioo cha simu, namba zikipanda, na mchezaji anatakiwa kuchukua fedha zake kabla hakijatoweka. Mzunguko mmoja unaweza kwisha ndani ya sekunde chache. Katika baadhi ya mitaa zipo pia zile mashine za sarafu ya shilingi 200 ambazo vijana huziita dubwi. Nazo hulisha kwa haraka ile ile.

Mwaka 2017 ndio mwaka ambao, kwa maoni yetu, mambo yalibadilika mbele ya macho ya taifa zima. Kampuni ya SportPesa, iliyokuwa imekwisha kukua Kenya, iliweka jina lake kwenye jezi za Simba na za Yanga, timu zote mbili kwa wakati mmoja. Tarehe 13 Julai mwaka huo ikaileta Everton ya Uingereza kucheza na Gor Mahia katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na Wayne Rooney akafunga bao. Sisi tulilitazama pambano hilo kwenye televisheni na kufurahi kama watu wengine, bila kujiuliza karamu ile imelipiwa na nani. Mwaka huo huo, kuanzia Julai, Mamlaka ya Mapato ilikabidhiwa kazi ya kukusanya kodi ya michezo hii. Makusanyo yaliyokuwa shilingi bilioni 33.6 mwaka wa fedha 2016/17 yalifikia bilioni 170.4 mwaka 2022/23. Fedha hizo zinajenga barabara na kulipa walimu, na sehemu ya kodi imeelekezwa kwenye maendeleo ya michezo. Mwaka 2022 Simba walihamia kwa kampuni nyingine ya ubashiri, M-Bet, na mwaka 2025 bahati nasibu ya taifa ikazinduliwa upya. Mwanasiasa akiulizwa leo kuhusu kubeti, huanza kujibu kwa takwimu za kodi.

Majirani zetu walijaribu kurudi nyuma. Mwezi Januari 2019 waziri mmoja wa Uganda, ambaye kwa jina lake anaitwa Bahati, alitangaza kwamba Rais Museveni ameagiza kampuni mpya za ubashiri zisipewe leseni. Mwezi Julai mwaka huo Kenya ilikataa kuzihuishia leseni kampuni nyingi, SportPesa ikiwemo, katika mgogoro wa kodi. Kabla Septemba haijaisha SportPesa ilikuwa imesimamisha shughuli zake nchini humo, na klabu za Kenya zikajikuta bila mfadhili katikati ya safari. Mwaka uliofuata ikarudi. Tunalolisoma katika habari hiyo ni kwamba klabu ikishazoea kula katika sahani hiyo, na serikali ikishazoea, kuinuka mezani ni kazi ngumu.

Sasa turudi kwenye simu ya kijana na tufanye hesabu, kwa kuwa wengi wanaobeti hawajawahi kuonyeshwa. Chukua mechi ambayo matokeo yote matatu yana nafasi sawa: mwenyeji ashinde, mgeni ashinde, au sare. Malipo ya haki kwa anayepatia yangekuwa mara tatu ya dau lake. Kampuni haiwezi kulipa hivyo, maana isingebaki na kitu. Tuseme inalipa mara 2.7. Tofauti inaonekana ndogo. Kwa kila 1,000 inayowekwa, kwa wastani 900 inarudi kwa wachezaji na 100 inabaki. Lakini kijana haweki mechi moja. Anaunganisha mechi kumi katika mkeka mmoja ili 1,000 yake izae mamilioni. Malipo ya haki ya mkeka huo yangekuwa zaidi ya mara 59,000 ya dau. Kampuni yetu ya mfano italipa mara 20,600 hivi. Yaani aliyebahatika kupata kitu kigumu namna hiyo, anapewa shilingi milioni 20 na laki 6 badala ya milioni 59. Ile tofauti ndogo ya mechi moja imezaliana mara kumi, na kwa wastani katika kila 1,000 zinarudi kama 350 tu. Kisha kodi ya ushindi ikatwe juu yake. Tulipoandika hesabu hii ubaoni, kijana mmoja aliyehitimu chuo kikuu na ambaye fedha zake za kujikimu, ile wanayoiita boom, zilikuwa zikiishia huko, alikaa kimya muda mrefu.

Kuna lugha nyingine ya vijana ambayo inatupa ufunguo. Mkeka ukipona, wanasema wamempiga Mhindi. Ukichanika, Mhindi amekula. Tumewakataza kusema hivyo kwa sababu ni kuwasingizia watu wa jamii nzima, lakini pia kwa sababu si kweli. Wanadhani kwamba upande wa pili wa mkeka ameketi tajiri mmoja, na kumnyang'anya si dhambi. Kampuni haitoi mfukoni mwake. Inakusanya dau za waliokosa, inamlipa aliyepata, na inabaki na chake. Ile milioni 20 inayoonyeshwa kwenye tangazo ni ya muuza mkaa wa Chang'ombe, na ya mwanafunzi aliyekula ada, na ya mlinzi wa usiku ambaye watoto wake walikunywa chai kavu. Mshindi hakuwaona, basi. Na kodi inayotozwa kwenye kile kilichobaki baada ya washindi kulipwa, hiyo nayo inatoka katika mifuko hiyo hiyo.

Hapa ndipo amri ya saba inapoingia, na ndiyo maana tulikuwa sahihi kuanzia hapo ingawa hatukujua kwa nini. Wanaokumbuka darasa la kipaimara wanajua kwamba Luther, anapoieleza amri ya kutokuiba katika Katekisimu yake Ndogo ya mwaka 1529, haishii kwenye kukataza. Anataka pia tumsaidie jirani alinde alichonacho na riziki yake iongezeke. Mkeka hauwezi kuitii sehemu hiyo ya pili hata ukichezwa kwa uaminifu wote, kwa leseni na kwa risiti. Ili mimi nipate, ni lazima wengi wakose.

Baba wa bodaboda je? Tutazame mashamba ya uwanda huu, maana hapa kwetu pamewahi kuchezwa kamari kubwa ya kilimo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 wataalamu wake walizunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache, wakapendekeza kulimwa karanga katika eneo la zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Matrekta yaliletwa, mengine mabovu ya vitani. Mibuyu ikakataa kung'oka. Na udongo wa Kongwa, ambao ukikauka huwa mgumu kama sakafu, ukazikamata karanga ndani yake zisichimbike. Mvua ikafanya kama inavyofanya siku zote. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikauacha mpango, na zaidi ya pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara.

Wazee wa Kongwa walilima karanga kabla ya mpango huo na wakalima baada yake, katika udongo ule ule na kwa mvua ile ile. Tofauti ilikuwa katika namna ya kujihatarisha. Mpango uliweka kila kitu katika zao moja na upesi mmoja, na walioamua hawakuwa watakaolala njaa ikishindikana. Mkulima wa Kigogo hakuwa na anasa hiyo. Alipanda uwele na mtama ambavyo huvumilia ukame, akapanda na karanga kidogo, akagawanya mashamba, hili bondeni na lile kilimani. Na zaidi ya yote aligawanya ng'ombe wake.

Desturi hiyo inajulikana vizuri kwa wazee wetu, na watafiti wameiandika. Mtu mwenye ng'ombe 20 hakuwaweka wote katika zizi lake. Aliwakabidhi wengine kwa rafiki wa kijiji cha mbali, naye akapokea wa marafiki. Anayetunza hunywa maziwa. Ndama ni wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia zizi moja, au mvua ikanyesha bonde hili na kuliruka lile, hakuna aliyefilisika kabisa, na kila mtu alikuwa na mlango wa kubisha wakati wa njaa. Hasara ya mmoja ilibebwa na wengi, kila mmoja kidogo. Hesabu ya bima ya leo ni hiyo hiyo. Mkeka umeigeuza juu chini: hasara ndogo ndogo za wengi zinakusanywa ziwe faida ya mmoja, na mwenye duka anakata chake kabla.

Tusiipambe desturi hiyo kupita kiasi. Ilikuwa na masikini wake, na ilikuwa na kikomo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wajerumani na baadaye la Waingereza walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo kutoka Ugogo. Mvua zilipokosekana baada ya hapo, ikaja njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo inakadiriwa kuua watu wapatao 30,000. Marafiki wa mbali walikuwa wamenyang'anywa pia. Palipokuwa hapana aliyebakiwa na kitu, hapakuwa na wa kubeba.

Kwa hiyo kijana wetu tunamjibu hivi: baba yako anajihatarisha, ni kweli, na anategemea mvua ambayo Bwana alisema huwanyeshea wenye haki na wasio haki. Lakini mvua ikimnyeshea, haijamnyima jirani. Akivuna debe kumi, hakuna mtu aliyelala njaa ili yeye avune, na mbegu ikifa, kuna mahali pa kwenda kuomba nyingine. Mkeka wako hauna hata kimoja katika hivyo.

Tungependa kuishia hapo, lakini nyumba yetu wenyewe nayo inatudai. Sharika nyingi, na wetu umo, zimewahi kuchangisha ujenzi kwa kuuza tiketi za kubahatisha, zawadi ikiwa mbuzi au baiskeli, na mchungaji akaibariki. Mnada wa sadaka baada ya ibada ni jambo jingine; pale mtu ananunua kuku kwa bei ya upendo na anajua anachopata. Lakini tiketi ya mbuzi ilikuwa kamari, tuiite kwa jina lake. Na siku hizi kuna mahubiri yanayomwambia mjane apande 10,000 madhabahuni avune 100,000 kabla mwezi haujaisha. Mhubiri wa namna hiyo hana haki ya kumkemea anayecheza kindege. Tofauti ni kwamba kampuni ya kindege ina leseni.

Miaka miwili iliyopita jambo hili lilitufika mezani. Mhazini wa kwaya alikuwa amekabidhiwa 640,000, fedha za sare za Pasaka zilizochangwa kidogo kidogo na wanakwaya, wengi wao kina mama wa mboga na mama lishe. Zikaisha kwa usiku tatu. Alikuwa na mpango wa kuzirudisha, kama wote walivyo na mpango. Baraza la wazee lilikaa hadi saa tatu usiku. Wengine walitaka atengwe na Meza ya Bwana na jina lake litangazwe. Wengine walitaka polisi. Mmoja alisema fedha zilipwe na baba yake, ambaye hata hakuwa msharika wetu.

Mzee mmoja, aliyekuwa kimya mpaka wakati huo, akauliza: "Ameleta ngozi?" Hatukumwelewa. Akaeleza kwamba babu yake alipotunza ng'ombe wa rafiki, na fisi akamla, alibeba ngozi akaenda kwa mwenye ng'ombe siku ile ile. Aliyeleta ngozi hakulipishwa ng'ombe, na urafiki uliendelea. Aliyeficha ngozi mpaka mwenyewe akasikia kwa watu, huyo ndiye waliyeachana naye. "Nauliza, kijana huyu alikuja mwenyewe, au tumemkamata?"

Alikuwa amekuja mwenyewe, siku ya Alhamisi jioni, kabla hatujajua chochote. Ikabidi tuseme hivyo mbele ya baraza. Mzee mwingine akapinga kwa haki kabisa: fisi hakutumwa na mtu, lakini kidole kilichobonyeza simu kilikuwa cha kijana mwenyewe. Wakabishana juu ya hilo kwa muda, na sisi hatukuwa na la kuongeza. Mwisho uliamuliwa hivi: alipe nusu kwa kazi yake, kidogo kila mwezi, nusu nyingine ibebwe na wazee na mchungaji, si na kina mama, asishike fedha tena, na simu yake iwe inakabidhiwa kwa dada yake saa mbili usiku, jambo alilolipendekeza yeye mwenyewe. Pasaka ile kwaya iliimba bila sare, kila mtu na nguo zake, na washarika waliuliza kwa nini, nasi tukawaambia bila kutaja jina. Yeye aliimba mstari wa pili, sauti ya tatu. Wakati tunaandika haya deni lake limebaki 85,000, na wazee wawili bado hawajalipa fungu lao.